Saa ya Mzee Feruzi

Kichwa cha saa hurudi nyuma ndipo kifunge.

Mmecheka, ee? Chekeni tu, meno ni yenu. Nimemwambia yule kijana Kitenge maneno hayo pale mlangoni, kaja na doti ya khanga mpya kwapani ili amtulize mkewe, na kosa lenyewe hata hajalitaja, nanyi mkaanza kunong'onezana: "Bibi naye leo kaingia habari za saa, saa gani tena?" Sasa mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Halikutoka kitabuni. Lilizaliwa nyumbani kwetu, hapa hapa Ujiji, na mdomo uliolizaa ni wa marehemu mama yangu. Kaeni vizuri basi, nawe Sikudhani weka hiyo simu chini, nisije nikausimulia ukuta.

Baba yangu, Mzee Feruzi Tambwe, alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Kipaza sauti hakikuwepo siku hizo. Alikuwa akipanda ngazi za pembeni, anaweka viganja masikioni, na sauti yake inafika mpaka kwa wanawake wanaotwanga huko mabondeni. Watu walimpenda kwa sauti hiyo na wakamwogopa kwa ulimi wake, maana alikuwa mkali, baba yangu, Mungu amrehemu, mkali wa pilipili mbuzi.

Na alikuwa na mwiko mmoja. Akishatoka mlangoni, harudi. Wazee wengi wa zamani walikuwa na imani hiyo, kwamba ukirudi nyuma umeitia safari yako nuksi, lakini Baba aliizidisha hadi ikawa kichekesho. Akisahau bakora, atasimama njiani na kuita mpaka mtu ampelekee. Kuna siku alikwenda sokoni kavaa ndara moja yake na nyingine ya Mama. Aliligundua kosa pale pale kwenye kona ya nyumba yetu, hata hatua ishirini hazifiki, na bado akaenda hivyo hivyo hadi sokoni, akanunua samaki, akajadiliana na watu bei, akarudi kwa njia nyingine. Mama alicheka hadi akakaa chini. Na maneno yake Baba yalikuwa na tabia ile ile ya miguu yake. Akishasema, amesema. Hamna kusema tena kwamba nilikosea.

Sasa dada yangu mkubwa, Tausi, alichumbiwa na kijana aitwaye Songoro. Songoro alikuwa akifanya kazi kwenye mashine za meli, hizi meli za ziwani zinazokwenda mpaka Mpulungu, kule Zambia. Kijana mpole, mikono imejaa makovu ya moto wa mashine, haongei sana. Tausi alimpenda kwelikweli. Nawaambia hivyo kwa sababu mimi nilikuwa nikilala naye chumba kimoja, na mtu akipenda, hata pumzi yake usiku unaisikia. Harusi ilipangwa iwe baada ya Idi.

Songoro alipokuja kujitambulisha alimletea Baba zawadi ya saa ya mkononi. Alikuwa kaichagua kwa akili. Alijua mwadhini anatia udhu mara tano kwa siku na saa za kawaida huwa zinakufa kwa maji, basi akatafuta saa isiyoingia maji. Siri ya saa hiyo iko kwenye kile kichwa kidogo cha pembeni, kile unachokizungusha kuitia saa ufunguo. Katika saa nyingine kichwa hicho unakisukuma tu ndani, basi. Katika saa hii kina njia ndani yake, kama kifuniko cha chupa, unakifungua kwa kuzungusha, unatia ufunguo, halafu unakisokota tena hadi kikaze. Kikikaza, hata ukiitumbukiza saa kwenye mtungi, haidhuriki.

Songoro akataka kumwonyesha. "Mzee, wakati wa kukifunga unaanza kwanza kwa..."

Baba akamkata pale pale. "Kijana, mimi nimevaa saa kabla mama yako hajavunja ungo. Nipe."

Songoro akampa. Afanyeje? Ni baba wa mchumba wake.

Ikaja Ramadhani, na Ramadhani ya mwaka huo iliangukia katika mvua. Huku kwetu jua linazama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, na siku ya kiangazi unaliona likimezwa, hakuna haja ya saa. Siku ya mawingu huoni kitu. Redio nayo ilikuwa haitusaidii, kwa sababu adhana ya redioni ilikuwa ya watu wa Dar es Salaam, na jua la Pwani linatangulia kuzama kabla ya letu. Ukifuturu kwa redio, umekula mchana. Kwa hiyo mtaa mzima ulitegemea ratiba iliyobandikwa ukutani msikitini na saa ya Baba. Wenye saa zao wenyewe walikuwa wakizirekebisha kwa adhana yake.

Siku hiyo ninayoisema mbingu zilifunga tangu adhuhuri. Alasiri Baba alikaa barazani, akakumbuka kwamba asubuhi hakuitia saa ufunguo. Akakifungua kichwa, akatia ufunguo, akairekebisha mishale kidogo, halafu akaanza kukifunga huku akimgombeza muuza mkaa aliyemwaga vumbi mlangoni. Macho kwa muuza mkaa, vidole kwenye saa. Nilimwona anasokota kwa nguvu, anakunja uso, anasokota tena. Kichwa kikagoma. Akakikandamiza kwa gumba, akakisokota mpaka mishipa ya mkono ikamsimama. "Ingia, mwanaharamu," akaiambia saa, na huku ana saumu. Alipoona kimeshikilia, akashusha mkono wa kanzu juu yake, akaenda msikitini kutia udhu.

Jioni sisi wanawake tumeshaandaa. Uji wa pilipili manga, magimbi, tende chache alizotuletea Songoro mwenyewe kutoka melini. Giza la mawingu limeingia mapema. Tukasikia Baba anaadhini, sauti ile ile nzuri. Alhamdulillahi. Mtaa mzima ukanywa maji, mtaa mzima ukala tende. Mimi nilikuwa na bakuli la pili la uji mkononi, sitawadanganya, nilikuwa mroho.

Mara mwanga ukaingia mlangoni.

Wajukuu zangu, jua lilitoka! Wingu lilikuwa limepasuka chini kabisa, juu ya milima ya Kongo, na katika mwanya huo likatokea jua zima, jekundu, bado liko juu ya milima, linatutazama na uji midomoni. Mama akaweka kikombe chini taratibu. Nyumba ya jirani mtoto akauliza kwa sauti, "Mama, leo tumefuturu daku?" Na tukasikia kofi.

Msikitini ilikuwa balaa. Hayo nilihadithiwa na kila mtu, maana kila mtu alikuwepo na kila mtu alipenda kuhadithia. Watu wamejaa uani, wengine wana tende shavuni hawajui wameze au wateme. Wakaitazama ile saa ya Baba. Ilikuwa mbele karibu robo saa, na ndani ya kioo kuna ukungu wa maji. Shehe alikuwa mtu mwema, akasema kwa upole kwamba limetokea kosa, hakuna aliyekusudia, siku hiyo tutailipa baada ya Idi, na Mungu ni mwingi wa kusamehe. Lingekwisha hapo. Watu wangecheka wiki moja, basi.

Lakini Baba alikuwa amesimama mbele ya watu aliowaita kwa miaka mingi, na wao wamemkodolea macho. Aibu ilimpanda kichwani. Akaivua saa, akainyanyua juu. Songoro alikuwepo pale pale, meli yake imefika siku hiyo.

"Kosa si langu!" Baba akasema. "Mimi nimeadhini kwa saa niliyopewa. Kijana huyu ameniletea saa mbovu. Na nani anajua ameitoa wapi? Watu wa meli tunawafahamu."

Watu wa meli tunawafahamu! Maana yake nini? Maana yake wezi. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Songoro alimtazama Baba, akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, mzee." Akavaa viatu, akaenda zake.

Kesho yake mjomba wa Songoro alikuja kwetu. Hakukaa hata kwenye mkeka. Akasema ukoo wao hauna ugomvi na mtu, ila hawawezi kumwoza kijana wao kwenye nyumba inayomwita mwizi mbele ya msikiti. Akaongeza kwamba Songoro kapata nafasi ya kazi bandarini Mpulungu, na akishasali Idi atahamia huko. Akaaga. Nyuma ya pazia la chumba Tausi alisikia kila neno. Hakupiga kelele. Alikwenda akalala kifudifudi kitandani, na nikaona mgongo wake unatikisika. Nilitaka kumshika nikaogopa. Hadi leo nikikumbuka mgongo ule moyo unaniuma.

Sasa msimdhanie Baba kuwa mtu mbaya. Alijua amevuka mpaka. Nilimwona mwenyewe anasimama mlangoni pa chumba cha Tausi, mkono ameunyanyua kama anataka kubisha hodi, halafu anaondoka. Alitaka mambo yatengenee. Ila alitaka yatengenee kwa kwenda mbele tu.

Mnajua desturi ya Ramadhani, nyumba kwa nyumba watu wanapelekeana futari. Basi Baba akaamuru apelekewe futari mama yake Songoro, Bi Chausiku. Siku ya kwanza migebuka, samaki wetu wa ziwani, wa kukaanga, na magimbi. Mama akapika, nikapeleka mimi. Na desturi nyingine mnaijua, sahani ya jirani hairudi tupu, utatia japo ndizi moja. Ya kwetu haikurudi tupu. Ilirudi na migebuka wale wale, magimbi yale yale, kawa juu yake kama nilivyoifunika, hata mvuke haujaisha. Nilirudi nayo barabara nzima huku watu wananitazama.

Baba akasema, "Labda hawapendi migebuka." Jamani! Ujiji hii, mtu asipende migebuka?

Kesho yake akaagiza wali kwa kuku. Ukarudi. Akapeleka dumu la mawese. Likarudi. Akamtuma mtu na mbuzi, mbuzi hai mwenye kamba, na yule mbuzi akarejeshwa akiwa ameshiba majani ya kwao. Kila kikirudi kitu, Baba anaongeza kikubwa zaidi, na kila anapoongeza, wale wanazidi kufunga mlango. Mwisho akafoka kwa Mama: "Nimewapelekea mara ngapi? Watu gani hawa wasiokubali wema?" Mama akamtazama tu. Mama alikuwa na mtazamo wake, mtu ukitazamwa hivyo unakumbuka madhambi yako yote mpaka ya utotoni.

Idi ikakaribia. Tausi alikuwa halili, hata daku tulikuwa tunambembeleza. Nikamsikia siku moja anamwambia Mama, "Mama, akienda Mpulungu hatarudi. Namjua. Haongei, lakini akiondoka ameondoka."

Siku ya Ijumaa, Ijumaa ya mwisho ya mfungo, Mama alikuwa anakwenda sokoni kununua vitambaa vya Idi, akanichukua. Baba naye akafuatana nasi, saa ile iko mfukoni mwa kanzu imefungwa kwenye leso. Alikuwa na shauri lake. Anataka fundi saa aifungue aseme kwa kinywa chake kwamba ni mbovu, ili akawaambie watu: mmesikia, nilisema mimi.

Fundi mwenyewe aliitwa Yango, alikuwa na kimeza chake kwenye upenu wa duka la vitambaa. Mtu wa mfungo na njaa, kanuna kabisa. Akaifungua saa, akaikausha, akachungulia kwa kile kioo chake cha jichoni, akapuliza, akaifunga mgongo, akamtupia Baba mapajani.

"Nzima," akasema.

"Nzima vipi? Ilikwenda mbele robo saa. Na maji yaliingia."

"Nimesema nzima. Hiyo saa ni nzuri kuliko zote nilizoshika mwaka huu. Imeingia maji kwa sababu haikufungwa. Hebu funga nikuone."

Baba akakishika kile kichwa akakisokota mbele kwa nguvu zake zote, kama kawaida yake. Kikashika upande, kikakaa kimepinda. Akakandamiza. Fundi Yango akaruka kwenye kigoda.

"Ala! Ala! Mzee, unaua saa! Acha!"

"Si umesema nifunge?"

"Hufungi, unavunja. Njia hazijakutana, wewe unakaza. Tena tazama mishale yako." Tukatazama. "Kichwa hakijaingia ndani, kiko nje bado. Kila unapodhani unakaza, unasukuma mishale mbele. Hiyo ndiyo robo saa yako. Umeisokota mwenyewe kwa mkono wako."

Baba akaisogeza saa karibu na macho, akaitazama mishale.

"Sasa inafungwaje?" akauliza, sauti imepungua.

"Unakisukuma taratibu, halafu unakirudisha nyuma kwanza."

"Nyuma?"

"Nyuma. Kama unafungua. Unakirudisha polepole mpaka usikie kwenye kidole kimedondoka, ka! kidogo tu. Hapo njia zimekutana. Ndipo unakipeleka mbele, nacho kitakwenda chenyewe, huhitaji nguvu hata ya mtoto."

"Mimi nafunga, halafu nirudi nyuma kama ninayefungua? Hiyo akili gani?"

"Usiporudi haifungi," fundi akasema. "Kaza mpaka Idi kubwa, haifungi."

Baba akashika kichwa. Akakirudisha nyuma kidogo. Akasimama. Akakirudisha tena, na nikaona uso wake unabadilika, maana vidole vilikuwa vimesikia. Akakipeleka mbele. Kikaingia laini, kikakaza, kikatulia. Akaigeuza saa, akaitazama pembeni, akaitazama tena.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake na kitambaa cha Idi begani. Akasema, wala hakupandisha sauti:

"Baba Tausi, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Migebuka umekaza. Kuku umekaza. Mbuzi wa watu umekaza. Mwezi mzima unakaza, na kila ukikaza mtoto wa watu anazidi kwenda mbali. Hujarudi hata mara moja pale ulipopotosha. Kichwa cha saa hurudi nyuma ndipo kifunge, Baba Tausi."

Fundi Yango akasema, "Mama, mimi nazungumza habari za saa."

"Na mimi nazungumza habari za saa," Mama akamjibu. "Ni hiyo hiyo moja."

Baba akavaa saa yake, akainuka, tukatoka sokoni. Tulipofika kwenye njia ya kwao Songoro, Mama akapunguza mwendo, akidhani atakata huko. Baba akatikisa kichwa.

"Huko sikumwaga neno," akasema. "Neno nililimwaga msikitini."

Sala ya Ijumaa ilipokwisha, mimi na Mama tulikuwa tumesimama kwenye mlango wa pembeni, upande wa wanawake, ambapo uani panaonekana pote. Watu wanavaa viatu, Songoro na mjomba wake wako kati yao. Baba akaenda akasimama mahali pale pale aliposimama siku ile, akainyanyua saa pale pale alipoinyanyua.

"Jamaa, subirini," akasema. Sauti yake, sauti ile ya adhana, ilikuwa inatetemeka. "Siku ile ya jua nilisema kosa si langu. Kosa ni langu. Saa hii ni nzima, ila mimi ndiye niliyeshindwa kuifunga, na aliyenipa alitaka kunionyesha, nikamkatiza. Siku mliyofungua mchana, ni mkono wangu uliowafungulisha. Nawaomba radhi."

Watu wakaguna kwa wema, pana waliosema "Tumekusamehe, mzee," na Shehe akaanza kuinua mikono aombe dua. Nami nikadhani yamekwisha. Nilimtazama Songoro. Alikuwa amesimama, viatu mkononi, uso wake haujafunguka.

"Mzee," akasema kwa adabu. "Saa nimekuelewa. Lakini siku ile hukuisema saa peke yake."

Mjomba wake akamgusa mkono, naye hakutikisika. Nilimwona Baba anafumba macho. Najua alichokuwa anafanya, alikuwa anatafuta. Alikuwa amerudi, lakini hakurudi mpaka mwisho, aliishia pale pepesi pa aibu ndogo. Mama akaninong'oneza, wala sijui kama alijua anasema na mimi, "Bado, bado, rudi kidogo tena."

Baba akafumbua macho.

"Nilisema nani anajua umeitoa wapi," akasema. "Nilisema watu wa meli tunawafahamu. Nilikuita mwizi, Songoro, na wewe umefunga kama sisi, umesimama safu moja na sisi. Nilikuwa najua ni uongo wakati maneno yanatoka. Niliona aibu yangu ni nzito nikaitwika kichwani kwako. Wewe si mwizi. Jamaa wote mlionisikia siku ile, nisikieni na leo. Kijana huyu si mwizi, ni mtu safi, na mimi nilimsingizia." Akamalizia kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mwanangu."

Wajukuu zangu, mimi nilikiona kile kitu kinadondoka, ka! kama kile kichwa cha saa. Nilikiona usoni kwa Songoro. Akaviweka viatu chini, akavuka uani, akauchukua mkono wa Baba kwa mikono yake miwili akaubusu. Baba, ambaye sijawahi kumwona akilia hata alipozika mama yake, alilia mbele ya mtaa mzima na wala hakujificha uso.

"Basi, baba," Songoro akamwambia. Hakusema mzee. Alisema baba. "Leo tutafuturu kwako."

Mimi sikungoja dua. Nilikimbia hadi nyumbani, ushungi umeanguka, pumzi hamna, nikamkuta Tausi anafagia. Nikajaribu kusema, maneno hayatoki, nikabaki nalia na kucheka pamoja. Akatupa ufagio. Akaelewa.

Ile nafasi ya Mpulungu akapewa mtu mwingine, na harusi ikafungwa siku chache baada ya Idi. Mnajua baba wa bibi harusi huwa anatoa mawaidha. Watu walijiandaa kukaa, maana Baba kwa mawaidha alikuwa hana kifani, angeweza kuanzia kwa Nabii Adamu. Safari hii akawaita Tausi na Songoro mbele yake, akawatazama kwa muda mrefu, akasema:

"Mtagombana, kwa sababu nyinyi ni watu. Msipelekeane zawadi kabla ya kusema neno. Mkiona mambo hayashiki, msikaze. Mmoja wenu arudi, arudi mpaka pale penyewe. Nimejifunza kwa kuchelewa, nyinyi jifunzeni mapema."

Akamtafuta Mama kwa macho katika lile kundi la wanawake, na alipomwona ndipo akamalizia, mtaa mzima unasikiliza na kila mtu anajua neno hilo limemgharimu nini:

"Kichwa cha saa hurudi nyuma ndipo kifunge."